Ferdinand Bauer: namba za rangi na ufunguo uliobaki kichwani

Karatasi ya shambani ya Ferdinand Bauer, mchoraji wa mimea, inafanana na kitambaa kilichopita mezani kwa fundi cherehani: mistari myembamba, kisha namba juu yake. Petali moja inaweza kubeba namba tatu, ya kwanza nchani, ya pili katikati, ya tatu pale inapoingia kwenye kikombe cha ua. Jani lina namba zake za upande wa juu na nyingine za upande wa chini. Rangi yenyewe mara nyingi haipo kabisa. Kwa karatasi kama hizo Bauer aliketi London miaka kadhaa baada ya safari, mimea yenyewe akiwa ameiacha Australia, akaipaka rangi hadi mtu anayeijua akaitambua bila kusoma jina.

Wanaomsifu Bauer husifu mkono wake na jicho lake. Ni haki yake. Wako wanaomhesabu kuwa mchoraji bora wa mimea kupata kutokea, nami sina ugomvi nao. Ila mkono mzuri Ulaya ya wakati ule haukuwa haba. Kilichomtenga Bauer na wenzake ni utaratibu wa kuandika rangi, na humohumo kwenye utaratibu ndimo lilimokuwa kosa lake kubwa.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1760 huko Feldsberg, mji ambao leo unaitwa Valtice na uko Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Lucas, alikuwa mchoraji wa watawala wa Liechtenstein, akafariki Ferdinand akiwa bado mchanga. Yeye na kaka zake Joseph na Franz walipata mlezi wa kazi katika mtawa na tabibu Norbert Boccius, aliyekuwa akikusanya picha za mimea kwa ajili ya albamu kubwa iliyofikia juzuu 14. Vijana hao walichora mimea kwa mamia. Hakuna shule ya mchoro inayoshinda hiyo: leo kitunguu, kesho mbaruti, keshokutwa kitunguu kingine ambacho kinatofautiana na kile cha kwanza kwa umbo la jani tu.

Mwaka 1780 hivi walihamia Vienna, kwa profesa wa mimea Nikolaus von Jacquin. Huko Ferdinand alijifunza kitu ambacho mchoraji wa mapambo hakihitaji: kuhesabu. Mfumo wa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ulipanga mimea kwa idadi na mpangilio wa stameni (sehemu za kiume za ua) na pistili (sehemu za kike). Picha ya ua lenye stameni kumi, iliyoonyesha saba kwa sababu tatu zimejificha nyuma, ilikuwa inampeleka msomaji kwenye kundi lisilo lake. Ndiyo maana mchoraji wa mimea hulipasua ua, akachora sehemu zake moja moja chini ya ukurasa, zikiwa zimekuzwa, hata kama zinaharibu uzuri wa picha. Anayezificha ili ukurasa upendeze ameuza kazi yake.

Namba za rangi zilianzia utotoni humo. Katika hifadhi ya Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Madrid, ndani ya karatasi za Thaddäus Haenke, naye mwanafunzi wa Jacquin, kulipatikana jedwali lenye vipande 140 vya rangi, kila kimoja na namba yake. Wataalamu wanaamini ndilo, au ni la aina ileile, walilotumia ndugu Bauer walipokuwa wadogo. Kwa safari ya Ugiriki namba za Ferdinand zilipita 200. Kwa safari ya Australia zilikaribia 1,000.

Kwa nini namba, wakati rangi zenyewe zimo kisandukuni? Sababu ni muda. Ua lililokatwa halimsubiri mtu. Tawi linalofaa ni lile lenye kichomozo, ua lililofunguka na tunda kama lipo. Linawekwa kwenye sanduku la bati lenye kitambaa kibichi, na likitoka humo saa zimeanza kuhesabika. Ua huchorwa kwanza kwa kuwa ndilo la kwanza kufa, kisha majani, kisha shina. Mzizi unaweza kungoja hadi kesho. Vipimo huchukuliwa kwa bikari moja kwa moja kutoka kwenye mmea, kwa ukubwa wake halisi. Kupaka rangi mmea mmoja kwa ukamilifu ni kazi ya siku nzima au zaidi, kwani kila tabaka la rangi ya maji lazima likauke kabla ya lingine. Mkusanyaji naye arudipo jioni na mimea ishirini, hesabu inakataa. Penseli na namba zinaimaliza karatasi moja kwa muda mfupi sana ukilinganisha na hapo.

Unaweza kusema: si ukaushe mmea ukachore nyumbani? Waliukausha pia, na mtu aliyewahi kufungua mafaili ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, anajua kinachotokea. Umbo linabaki, idadi ya stameni inabaki, hata vinyweleo vinabaki. Rangi inaondoka. Buluu inageuka kahawia, nyekundu inazama kuwa nyeusi, jani linakuwa kama tumbaku. Chukua ile violeti ya Usambara ambayo Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892. Ikibanwa kwenye karatasi ikakauka, hakuna mtu sokoni atakayeamini kwamba ndiyo maua yale ya madirishani.

Namba zenyewe zina masharti. Zinaandikwa mwishoni, umbo likishatulia, na zinaandikwa kivulini, kwenye mwanga wa mchana usiobadilika. Jua la saa sita linaosha rangi nyepesi hadi zionekane nyeupe. Mwanga wa taa ni mbaya zaidi: una unjano wake, kwa hiyo petali ya manjano hafifu inapotea na ya buluu inaonekana kama ya kijivu. Mchoraji akiandika namba usiku, kosa halitaonekana hadi picha ikamilike, na wakati huo hakuna ua la kumsahihisha.

Mwaka 1786 profesa wa mimea wa Oxford, John Sibthorp, alipita Vienna akamchukua Ferdinand kwenda naye Ugiriki, Krete, Kupro na Konstantinopoli. Walirudi Uingereza Desemba 1787 wakiwa na karatasi nyingi za penseli na namba, na Bauer akakaa Oxford hadi karibu 1794 akizigeuza kuwa picha kamili. Mshahara wake ulikuwa pauni 80 kwa mwaka. Kaka yake Franz, aliyeajiriwa na mwanasayansi tajiri Joseph Banks pale Kew, bustani ya mimea ya kifalme karibu na London, mwaka 1790, alilipwa 300. Waliokulia meza moja, wenye ufundi unaokaribiana, walitenganishwa na jambo moja tu: Banks alimhesabu mchoraji kuwa mwanasayansi, Sibthorp alimhesabu kuwa mtumishi.

Hapa ndipo hadithi inapokunja. Sibthorp alifariki mwaka 1796 akiwa na miaka 37, kabla hata ukurasa mmoja haujachapwa. Kwa bahati aliacha wosia: mapato ya shamba lake yagharamie kitabu cha mimea hiyo ya Ugiriki hadi kiishe. Mtaalamu wa mimea James Edward Smith alipokabidhiwa kazi ya kukiandika alikuta picha za Bauer, zinazong'aa, na maelezo machache mno ya Sibthorp. Mmea huu ulichumwa wapi? Mlimani au ufukweni? Mara nyingi haikuandikwa, kwa sababu Sibthorp aliiamini kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imezikwa pamoja naye katika mji wa Bath. Waswahili wana neno lao: mali bila daftari huisha bila habari.

Smith alihangaika na mafumbo hayo hadi kifo chake, na kazi ikamaliziwa na mtaalamu mwenzake John Lindley. Juzuu 10 zenye picha 966 zilitoka kati ya 1806 na 1840. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 25 hivi. Piga hesabu: 966 mara 25 ni kurasa 24,150, na kila moja ilipakwa rangi kwa mkono baada ya kuchapwa kutoka kwenye bamba la shaba. Wapakaji walikuwa na picha ya mfano mbele yao. Mpakaji anaponakili mfano, kijani cha nakala ya kwanza na kijani cha nakala ya ishirini si ndugu wa tumbo moja. Anayetaka kujua Bauer aliona nini hana budi kurudi kwenye picha za awali, zilizohifadhiwa Oxford.

Hata rangi ambazo mpakaji aliziweka sawasawa zina maisha yake. Kijani cha majani enzi hizo mara nyingi kilichanganywa kwa buluu ya Prussia na gamboji, rangi ya manjano itokanayo na utomvu wa mti wa Asia. Buluu hiyo inavumilia mwanga, gamboji haivumilii. Ukurasa ukikatwa kitabuni ukatundikwa ukutani, manjano inaliwa polepole, na baada ya miaka majani yanaonekana ya buluu. Nyekundu ya kochinili nayo inafifia. Nyeupe ya risasi inafanya kinyume, inakuwa nyeusi ikipatwa na hewa yenye salfa, kama moshi wa makaa ya mawe wa miji ya zamani, na vitone vya mwanga kwenye petali vinageuka madoa. Kurasa zilizobaki ndani ya jalada, gizani, ndizo zinazoaminika. Wauzaji wa picha za kale wanaokata vitabu ili wauze ukurasa mmoja mmoja wanajua haya yote, na bado wanakata.

Tarehe 18 Julai 1801 Bauer aliondoka Spithead kwenye meli Investigator ya nahodha Matthew Flinders, iliyotumwa kuchora ramani ya pwani ya Australia. Mwenzake wa kazi alikuwa Robert Brown, mtaalamu wa mimea na bingwa wa hadubini, na urafiki wao ulimpa Bauer kile alichokikosa kwa Sibthorp: msomi anayemwambia nini hasa cha kutazamwa. Picha zake za kipindi hiki zinaingia ndani ya ua hadi chembe za chavua. Alichora pia wanyama. Koala walipoletwa Sydney mwaka 1803, Bauer alikuwapo na penseli yake.

Meli yenyewe ilikuwa imeoza. Mafundi walipoikagua katika Ghuba ya Carpentaria walikuta mbao zimekwisha, na ikabidi warudi Sydney, walikofika Juni 1803. Mtunza bustani wa msafara, Peter Good, alifariki siku chache baadaye kwa kuhara damu. Mimea hai aliyoitunza ilipakiwa kwenye meli Porpoise pamoja na sehemu ya sampuli kavu za Brown. Meli ikagonga mwamba mwezi Agosti na mizigo hiyo ikapotea. Flinders mwenyewe alitekwa na Wafaransa Morisi, akashikiliwa hadi 1810. Michoro ya Bauer ilinusurika kwa kuwa Bauer alibaki Sydney nayo. Alikwenda kukaa miezi kadhaa kisiwa cha Norfolk, kisha mwaka 1805 akarudi Uingereza na Brown ndani ya Investigator ileile, iliyotiwa viraka, akiwa na michoro zaidi ya 2,000.

Kutokana na hiyo alitengeneza picha kamili zaidi ya 200 za mimea kwa ajili ya mamlaka ya jeshi la majini la Uingereza, kisha akajaribu kuchapa kitabu chake mwenyewe. Hakuona mchongaji wala mpakaji aliyemridhisha, kwa hiyo alichonga mabamba kwa mkono wake mwenyewe. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon na wanunuzi wa vitabu vya anasa walikuwa wachache. Hadi 1813 zilikuwa zimetoka picha 15. Kumi na tano tu. Brown naye hakupata afueni: kitabu chake cha mimea ya Australia cha mwaka 1810, kisicho na picha, kilichapwa nakala 250 zikauzwa 26. Mmoja alikuwa na maneno bila picha, mwingine picha bila maneno, wakati walikuwa wamesafiri meli moja. Hilo ni kosa la mipango, wala halina uhusiano na kipaji. Vitabu hivyo viwili vilipaswa kuwa kimoja.

Mwaka 1814 Bauer alirudi Austria, akanunua nyumba Hietzing karibu na bustani ya Schönbrunn, akaendelea kuchora hadi alipofariki tarehe 17 Machi 1826. Michoro yake ya shambani ilibaki Vienna. Jedwali la kufasiri namba karibu elfu moja halikubaki. Haijulikani hata kama liliwahi kuwapo kwenye karatasi. Fikiria ukubwa wake: vipande 40 kwa ukurasa ni kurasa 25 za rangi zilizochanganywa kwa mkono, kila kimoja kikiwa tofauti na jirani yake kwa tone la maji. Linawezekana kutengenezwa, ila kulichukua porini kwenye unyevu ni kutafuta hasara. Mimi naelekea kuamini kwamba alianza na jedwali dogo la utotoni, akaongeza namba katikati ya namba kadiri jicho lilivyozidi kutenganisha, na mwishowe akawa anazisoma kama mtu anavyosoma herufi.

Hapo ndipo lugha yetu inaponifanya nimuonee Bauer huruma kidogo. Kiswahili hutaja rangi kwa kuonyesha kitu: kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, damu ya mzee kila mtu anaielewa bila kuambiwa. Mtindo huu ni mpana mno kwa kazi ya kisayansi, kwa kuwa zambarau bichi na mbivu si rangi moja, lakini ufunguo wake uko sokoni, na aliyeandika akifa msomaji anaweza kwenda kuutazama. Namba 487 ya Bauer ni kali kama wembe na haina mlango. Mwaka 1814, mwaka uleule aliorudi Austria, Patrick Syme wa Edinburgh alichapisha jedwali la rangi zaidi ya 100, lililojengwa juu ya lile la mtaalamu wa madini Abraham Werner, na kila rangi ikapewa mfano wa mnyama, mmea au jiwe. Ni hafifu mno mbele ya namba za Bauer. Ndilo hata hivyo alilolichukua mwanasayansi Charles Darwin kwenye meli Beagle, kwa sababu mtu yeyote angeweza kulinunua.

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Tarehe ileile ya 20 Januari, miaka 150 kamili baada ya Bauer, katika mji mwingine ambao leo pia uko Cheki, alizaliwa Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba jike Elsa. Kabla ya Elsa alikuwa mchoraji wa maua ya Kenya, aliyefika huko 1937 na kuolewa na mtaalamu wa mimea Peter Bally, na mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa picha hizo. Yeye alipaka rangi mbele ya mmea wenyewe, kwa hiyo hakuhitaji namba.

Mkusanyaji wa leo ana simu, na wengi hudhani tatizo limekwisha. Kamera hukisia rangi ya mwanga na kuirekebisha yenyewe. Chini ya miti, kijani kinachoakisiwa huichanganya, na maua ya buluu inayoelekea urujuani hutoka mara ya buluu tupu, mara ya waridi, kutegemea simu. Kipande cha kadi ya kijivu kikiwekwa kando ya ua kabla ya kupiga picha kinamsaidia atakayesahihisha baadaye. Maneno kwenye lebo bado yanahitajika, na yawe na sehemu: petali nje, petali ndani, koo la ua, chavua. Lebo inayosema «maua mekundu» haijasema kitu. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, iliyoanza kuchapwa 1952 na kukamilika 2012 kwa spishi zaidi ya 12,000, ina michoro ya mistari myeusi. Kuhusu rangi, msomaji anategemea sentensi, na sentensi hiyo ilitoka kwenye lebo ya mtu fulani aliyeandika porini, kivulini au kwenye jua.

Majina ya mimea ya Ugiriki iliyotambulishwa kwa kazi ile bado hufuatwa na kifupi «Sibth. & Sm.», yaani Sibthorp na Smith. Kanuni za majina hazimpi mchoraji nafasi. Bauer ana jenasi ya Bauera, aliyopewa pamoja na kaka yake, na rasi moja pwani ya Australia Kusini. Watafiti wamejaribu kuurudisha ufunguo wake kwa kinyumenyume: wanachukua mchoro wa shambani wenye namba, wanauweka kando ya picha iliyokamilika ya mmea uleule, na pale namba inapoangukia wanapima rangi. Njia hiyo inafanya kazi kwa mimea aliyoipaka. Michoro mingi ya Australia hakuipaka kamwe, na namba zinazotokea humo peke yake zimebaki penseli tupu.